Geji za Pikapu ya Baba

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Shikamoo ya barua yako iliyopita niliipokea, marahaba. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na leo nakujibu kwa sababu hasira imezidi.

Daktari wa masikio ameniandikia kwenye karatasi, maana kuniambia haiwezekani tena: la kushoto limekufa, la kulia linakata roho. Sawa. Nimezibua mabomba ya watu umri wangu wote, nakijua kitu kilichoziba kabisa. Lakini kakako akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akatukusanya sebuleni, mimi, mama yako na mkewe, akaongea weee, mikono juu kama anahutubia uwanja wa mpira, mimi naona midomo tu inacheza. Mwisho akachukua karatasi akaniandikia kwa herufi kubwa: GARI LIUZWE. Nikamnyang'anya kalamu nikaandika chini yake: UZA LAKO.

Mama yako alicheka mpaka akajimwagia chai.

Sababu ya kakako ni kwamba juzi nilikuwa napanda mlima kwenda kumfungia mteja tangi, maji ya rejeta yakachemka na mimi sikujua mpaka mvuke uliponifunika kioo. Zamani ningejua. Geji ya dashibodi ilikufa wewe bado unavaa sare ya shule, na sikuihitaji, kwa kuwa injini ikianza kuungua ilibadilisha sauti, nami nasimama. Sasa sauti sina. Lakini macho ninayo, tena makali kuliko ya kakako mwenye miwani. Nimenunua geji mbili mpya, moja ya joto la maji na moja ya presha ya oili, kila moja na sensa yake ya kukaza kwenye injini. Konekta za kuungia waya hazikuwemo kwenye boksi. Muuza duka amenipa mfuko wa zile za kung'ata, unazozibana juu ya waya bila kuuchuna. Moyo wangu haujazipenda. Wewe ndiye fundi umeme wa magari katika ukoo huu, niambie nitumie konekta gani.

Usije kunifungia. Ukifunga wewe, watasema mzee anabebwa na binti. Nataka nifunge kwa mikono yangu. Na usinipigie simu, utakuwa unaongea na ukuta. Za kuandikiana kwenye simu nazo sitaki, vitufe vyangu vimefutika herufi na mimi subira sina.

Baba yako, mwenye pikapu, na ataendelea kuwa mwenye pikapu


9 Machi

Baba mwenye pikapu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikiwa chini ya lori, nikacheka mpaka msimamizi wetu akainama kuuliza kama kuna kitu kimenibana.

Kwanza, kutosikia si kosa la barabarani. Tuna mteja hapa gerejini hajasikia tangu azaliwe, anaendesha lori, na vioo vyake vya pembeni ni visafi kuliko sahani za kwetu. Funga vioo vikubwa na uwe unavitazama. Kaka nimemwambia hivyohivyo aliponipigia kunikataza nisikusaidie. Alipoanza kunihesabia hatari nikamkatia simu, na tangu hapo sipokei.

Sasa konekta. Hizo za kung'ata zitupe leo. Zinatoboa ganda la waya kwa kijino kimoja na kugusa nyuzi mbili tatu tu, mvua ikipiga kutu inaingia, na wewe kwa nje huoni kitu. Hapo ndipo penye hatari, Baba, nisikilize vizuri. Samahani, nisome vizuri. Geji haioni maji wala oili. Inapima tu umeme unaopita kwenye sensa. Kiungo kikiwa kibovu, umeme unapita kwa taabu na sindano inasema uongo, tena uongo mtamu: ya joto inashuka kama vile maji yamepoa, na ya oili, kwa aina hii uliyonunua, inapanda kama vile presha imejaa. Yaani injini inaungua na geji inakupongeza. Kiungo kibovu ni kama mgeni anayesifu mboga kabla hajaonja.

Najua unawaza kusokota waya na kuzungushia tepe nyeusi, kama ulivyonifundisha kwenye redio ya sebuleni. Hapana. Sebule haitikisiki, gari linatikisika. Zile za skrubu za kwenye hita za maji, ambazo najua umejaza droo nzima, nazo hapana. Zinalegea njiani.

Kwenye kifurushi hiki nimekutumia za kubana, zenye ganda linalonywea kwa moto. Chuna waya kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, usikate hata unyuzi mmoja, ingiza, bana kwa koleo hili (ni langu mwenyewe, usiliazime mtu), halafu vuta kwa nguvu. Kama ni wa kuchomoka, afadhali uchomokee mkononi mwako kuliko mlimani. Ukishika, pitisha kiberiti cha gesi taratibu mpaka ganda linywee na gundi ichungulie pembeni. Zile za pete ni za kufungia kwenye bodi ya gari. Soketi mbili zenye mpira ni za karibu na injini, maji hayaingii humo.

Funga taratibu. Wakikuuliza nani amekuruhusu, waambie mimi.

Kitinda mimba wako, fundi wa ukoo


20 Machi

Fundi wa ukoo,

Marahaba. Kazi imekwisha na ni safi. Nimekuwa nabana vitu kwa koleo kabla mama yako hajanikubali, na wewe unanifundisha kuvuta waya kwa nguvu! Nimevuta. Hakuna hata mmoja uliochomoka. Mama yako naye amevuta, akasema huu hata ng'ombe hang'oi.

Waya nimezipitisha nyuma ya dashibodi, nimezifunga pamoja vizuri zisicheze. Geji zenyewe nimezikalisha juu ya usukani, mbele ya macho yangu. Nimefunga kila kitu kama ulivyoagiza, na pale ambapo hukuagiza nimetumia akili yangu, maana mimi pia ni fundi.

Sasa sikia habari njema. Nimezunguka mitaa yote ya hapa, nimekwenda sokoni na kurudi, sindano ya joto imelala chini kabisa, haitaki hata kuamka. Ya oili imesimama juu mwisho kama askari wa gwaride. Gari zee lakini lina afya ya mtoto! Nimemwita kakako nikamwonyesha. Akatazama, akaondoka bila kuandika neno. Wivu tu.

Jumamosi ya wiki ijayo napanda mlima, mteja wa tangi bado ananisubiri.

Baba yako, ambaye geji zake zinafanya kazi


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Usipande mlima.

Hakuna injini yenye umri ule yenye afya hiyo, hata mpya haina. Maji ya injini iliyozunguka mpaka sokoni lazima yawe ya moto, na sindano lazima ipande mpaka katikati. Umeniandikia mwenyewe: joto chini kabisa, oili juu mwisho. Rudia kusoma barua yangu. Huo ndio ule uongo mtamu niliokwambia, kwa geji zote mbili kwa pamoja.

Sema kweli, umetumia zile za kung'ata mahali fulani? Labda waya ulipungua ukaona uunge kidogo tu, hakuna atakayejua? Mimi nakufahamu, huwa hutupi kitu. Fungua, angalia kila kiungo, na kama kuna hata kimoja si cha kwangu kikate.

Tafadhali usipande. Sikukutumia vile vitu ili nikuue.

Kitinda mimba wako


28 Machi

Binti yangu,

Zile konekta za kung'ata nilizitupa siku ileile barua yako ilipofika. Nilizitupa jalalani, si chooni, maana choo kikiziba najua atakayeitwa.

Mimi si mwongo. Viungo vyote ni vyako. Nimevitazama upya mchana kweupe, na mama yako ameshika kioo upande wa nyuma nisikoweza kuona. Vimenywea, gundi imetoka. Kama geji hazipendi kuniletea habari mbaya, basi huenda hakuna habari mbaya. Hilo hukuliwaza? Wote mmeshaamua kwamba mzee lazima awe amekosea mahali, kakako kwa mdomo na wewe kwa kalamu. Nilidhani wewe uko upande wangu.

Mlima napanda.

Baba yako


31 Machi

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia kama zamani.

Jumamosi Baba alipanda mlima na pikapu limejaa mabomba. Nilikuwa nimemfuata kwa gari langu bila yeye kujua. Hata nusu ya mlima hajafika nikaona mvuke unatoka kwenye boneti, kidogo, halafu mwingi. Akaendelea. Nikapiga honi. Akaendelea. Nikasimamisha gari langu nikashuka nikamkimbilia mbio, nikipiga kelele, Baba! Baba! kama mtoto, na watu wa kando ya barabara wakawa wananishangaa. Hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye hizo geji zako na zilikuwa zinamwambia mambo safi. Gari lilizima lenyewe, likaanza kurudi nyuma kabla hajavuta breki ya mkono. Mdogo wangu, niliona bonde lile nikaona nimeshamzika.

Usinifanye adui. Mimi ndiye ninayeishi ukuta kwa ukuta na wazee hawa, mimi ndiye nitakayeitwa siku hiyo ikifika. Wewe unatuma vifurushi.

Ufunguo nimeuchukua. Mnunuzi nimempata, atakuja mwanzoni mwa Mei. Tafadhali usimpe tena Baba kichwa.

Kaka yako


5 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Ahsante kwa kumkimbilia. Nakushukuru kwa dhati, na nimelia niliposoma.

Sasa nikwambie mengine. Sitakaa kimya. Geji zimemdanganya, na mimi sijui kwa nini, na mpaka nijue huna haki ya kumlaumu yeye. Ungemwona daktari ana kipimo kibovu ungemzika mgonjwa? Ufunguo kaa nao. Pikapu usiliuze kabla sijakupa jibu. Ukiuza nitakuja kumnunulia jingine, na hilo nalo nitalifunga geji.

Mdogo wako


5 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesikia ya mlimani kutoka kwa Kaka, si kwako.

Nisamehe kwa kukuita mwongo. Nakuamini kwamba viungo vyote ni vya kwangu, na kwa sababu nakuamini, nimechanganyikiwa. Kama konekta ni nzima na geji ni mpya, kuna kitu kingine, na hicho kitu kiko mikononi mwako, mimi kutoka huku sikioni.

Naomba uniandikie ulivyofunga, kuanzia ulipofungua boksi. Usiruke kitu. Hasa usiruke yale unayoona si ya kuandikwa, mambo ambayo mkono wako unayafanya wenyewe hata bila kukuuliza. Niko upande wako. Nimekuwa upande wako hata nilipokuwa nakugombeza.

Kitinda mimba wako


12 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa kibarazani natazama pikapu langu kama mtu aliyefiwa. Watu wanapita wananipa pole kwa mikono. Mteja wa tangi amemwita fundi mwingine, kijana mmoja anayefunga bomba kwa gundi tu na kumwomba Mungu. Mimi sijafa! Ningekuwa nimekufa ningeelewa.

Ya mlimani sikukuandikia kwa aibu. Geji ziliniambia kuko shwari huku najichemsha kama kiazi. Nilitamani kuzing'oa.

Haya, umeuliza, nakujibu. Nilifungua boksi. Nikasoma karatasi yao, ina michoro ya hovyo. Nikamwaga maji ya rejeta kwenye beseni. Nikang'oa sensa kongwe ya joto iliyokufa, nikasafisha tundu lake kwa kitambaa. Nikachukua sensa mpya, nikaufuta uzi wake wa kukazia, ule kama wa skrubu, nikauzungushia tepe nyeupe ya mabomba, mizunguko ya kutosha, nikafuata upande wa kukazia kama inavyotakiwa, nikakaza kwa spana mpaka ikasema basi. Haivuji hata tone. Ya oili hivyohivyo, tepe, spana, basi. Halafu ndiyo nikaja kwenye waya, nikachuna kiasi cha ukucha, nikabana, nikavuta, nikapitisha moto. Halafu fyuzi. Halafu pete za kwenye bodi, nikakwangua rangi kwanza ili chuma kiguse chuma. Nikarudisha maji. Nikawasha.

Hakuna nilichoruka. Sasa niambie kosa langu.

Baba yako, mlinzi wa kibaraza


17 Aprili

Baba! Baba yangu jamani!

Shikamoo mara tatu. Tepe! Ni tepe nyeupe!

Nimesoma pale nikatupa spana chini, gereji nzima ikageuka. Sensa ya aina yako ina waya mmoja tu, si ndiyo? Umeme unaingia kwa ule waya, na kurudi kwake ni kupitia uzi wenyewe, chuma cha sensa kikigusa chuma cha injini. Wewe umeuvalisha uzi shati la plastiki. Umeme umefika pale ukakuta mlango umefungwa. Konekta zako ni safi kuliko za watu wengi hapa gerejini, na sensa ilikuwa imevikwa sanda.

Na hili ni langu kuliko lako. Nilikuandikia karatasi nzima juu ya konekta, nikasahau kwamba ninayemwandikia ni fundi bomba, mtu ambaye akikabidhiwa kitu chenye uzi na maji nyuma yake, mkono unakwenda kwenye tepe kabla ya akili. Mtu mwingine yeyote asingelifanya kosa hili, maana wengine ni wavivu.

Sasa fanya hivi. Chomoa waya wa sensa ya joto, washa ufunguo bila kuwasha injini, gusisha ncha ya waya kwenye chuma kitupu cha injini mara moja. Sindano ikiruka juu, basi konekta zote za njiani ni nzima. Kisha toa sensa zote mbili, ondoa tepe yote, sugua uzi kwa brashi ya waya mpaka ung'ae, rudisha bila kitu. Uzi ule umetengenezwa mwembamba mbele na mnene nyuma, unajiziba wenyewe ukikaza. Usiogope.

Halafu tafuta maji yanakokwenda. Injini haichemki bure. Mahali fulani panavuja, na kwa mambo ya kuvuja mimi ni mwanafunzi wako.

Najua ufunguo anao Kaka. Hilo nakuachia wewe na Mama.

Kitinda mimba wako mwenye furaha


26 Aprili

Fundi,

Marahaba zote tatu.

Nilimsomea mama yako barua yako kwa sauti. Anasema nilipiga kelele, mimi sijui. Akavaa kanga yake nyingine, akaenda kwa kakako, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono. Kakako aliongea, akaeleza, akaapa. Mama yako mkono hajaushusha. Akapewa.

Nikagusisha waya. Ile sindano ikaruka mpaka mwisho kama imeona nyoka! Nikagusisha tena, si kwa kupima, kwa raha tu. Tepe nimetoa yote. Mwanangu, sikufichi, kukaza kitu chenye maji bila tepe ni kama kutoka nje bila suruali. Nilikaa nikiutazama uzi ule mtupu mchana kutwa nikingoja uvuje. Haukuvuja. Sasa nikiwasha, sindano inapanda taratibu mpaka katikati na kukaa. Ya oili imeshuka mahali pa kibinadamu, nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachia inashuka. Naiona injini inapumua. Sijui nikuambieje. Tangu masikio yaende, ni mara ya kwanza kitu kinanijibu bila kuandikiwa.

Maji nayo nimeyapata. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa na ufa upande wa nyuma, unavuja ukipata moto tu. Nimeubadilisha. Mwizi wangu wa siku zote, na nilikuwa naujazia maji kila asubuhi kama mjinga.

Kakako nimemwita aone. Safari hii aliandika. Ameandika kwamba hata geji zikisema kweli, uamuzi umeshatoka, ameshampa mnunuzi neno lake, anakuja tarehe mbili, na mtu mzima harudi nyuma. Nikamjibu kwamba neno lake ni lake na gari ni langu. Akachomoa ufunguo garini, akautia mfukoni mwake. Mama yako akanyoosha mkono tena.

Barua yangu nyingine ikichelewa usiwe na wasiwasi. Nina kazi mahali.

Baba yako


2 Mei, saa mbili asubuhi

Mdogo wangu,

Nimekupigia, hupokei. Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Wazee hawapo. Nimeamka pikapu halipo, kitanda chao kimetandikwa, simu ya Mama iko juu ya mto, na Mama hasahau vitu. Jirani amewaona wakiondoka kabla ya jua, Mama amebeba chupa ya chai, wameelekea barabara ya mlima mkubwa, barabara ya kuja kwenu. Mnunuzi amekuja na fundi wake, wamesimama uani wanatazama alama za matairi.

Huo mlima ni mrefu kuliko ule aliokuwa anaupanda kwenda kwa wateja, unaujua. Malori mazima yanaushindwa. Yeye hasikii honi, hasikii breki za mtu, hasikii Mama akisema simama. Wewe umewatia kiburi. Wewe na tepe zako na konekta zako. Kama kuna kitu kimewapata, dada, sitaweza kukutazama usoni, na nasema hivi nikilia.

Kaka yako


2 Mei, saa tisa

Kaka,

Shikamoo. Nimekupigia, sasa simu yako ndiyo haipatikani. Dereva anageuza, nampa hii.

Basi limefika kabla yao. Nimemuuliza dereva kama aliona pikapu la bluu. Amesema ndiyo, juu kabisa mlimani, limesimama kando, boneti wazi, mama mmoja amekaa juu ya jiwe anakunywa chai.

Ninaogopa, kaka. Nimeambiwa niache kazi nikae. Usidhani wewe peke yako una baba. Lakini nakwambia hivi: siku ile uliyomkimbilia, alisimama kwa sababu gari lilizima. Leo amesimama kwa sababu ameona. Boneti wazi na chai mkononi si ajali, ni mtu anayengoja injini yake ipoe. Naliandika hili ili niliamini mwenyewe.

Na hata kama nakosea, sijutii. Ulitaka akae kibarazani akipewa pole mpaka afe kwa utaratibu, ili sisi tulale usingizi mzuri. Mimi sitaki usingizi huo. Mwambie mnunuzi wako aende nyumbani kwake.

Naenda kusimama barabarani.

Mdogo wako


2 Mei, getini kwenu

Mwanangu,

Naandika juu ya boksi la soketi zako kwa kuwa karatasi nimesahau. Mlinzi wenu atakuletea. Anasema umetoka kwenda barabara kuu kutusubiri, kumbe sisi tumeingia kwa njia ya nyuma, mama yako alitaka kununua maji.

Tumevuka. Mlimani nilisimama mara mbili. Mara zote mbili sindano ilivuka katikati, nikaweka kando kabla ya kuchemka, nikafungua boneti, tukanywa chai, ikarudi, tukaendelea. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenikimbilia. Mama yako anasema madereva wamenipigia honi na kunitukana njia nzima. Amezipokea zote kwa niaba yangu, na nyingine amezijibu. Nimempigia kakako kwa simu ya mlinzi, yaani mama yako ndiye aliyeongea. Anasema kakako amelia, halafu akauliza kama oili ilikuwa inashuka tukipanda. Ameanza kuuliza maswali ya fundi, huyo.

Tutalala kwako, kesho narudi nalo. Mteja wa tangi amesema yule kijana wa gundi ameshindwa.

Injini sijaizima. Macho yangu yananiambia kila kitu, ila kuna kimoja hayawezi, na nimekuja njia yote hii kwa ajili hiyo. Njoo uweke sikio kwenye boneti, uniandikie inalia vipi siku hizi. Uandike yote, usiruke.

Mlinzi ananipungia mikono niizime. Namwonyesha masikio yangu, natabasamu, naendelea kuiacha ingurume mpaka ufike.

Baba yako